Zulmira Wawili

"Jina lililoandikwa hapa ni la nani? Soma wewe mwenye macho mazuri."

"Nalijua lilivyoandikwa. Nimelitia sahihi kila mwisho wa mwezi kwa miaka ishirini na saba."

"Kulitia sahihi si kuzaliwa nalo."

"Na kuzaliwa nalo si kulifanyia kazi, dada. Wewe ulikuwa unakuja kulitembelea Agosti kwa Agosti, na sabuni mbili za Paris kwenye mfuko."

Hapo nikaiacha kahawa yangu jikoni nikatoka nje. Ukuta wa mawe unaozitenganisha nyumba zao unaishia mlangoni kwangu, kwa hiyo ugomvi wowote wa majirani hawa wawili lazima unipitie mimi kwanza. Silalamiki. Nyumba isiyofikiwa na maneno ni kaburi.

Zulmira alikuwa upande wake wa ukuta, aproni ya jikoni kiunoni, mkono mmoja umeshika mgongo wake mbovu, mwingine umeinua barua juu kama padre anavyoinua mkate. Gracinda alikuwa upande wa pili, brashi mkononi, chokaa hadi kwenye nyusi.

"Odete, njoo uwe hakimu," Zulmira akasema.

"Mimi hata nywele sijachana," nikasema, lakini miguu ilikuwa imeshafika.

Barua ilikuwa ya lile fungu la Ulaya. Kiwanda chetu cha viatu kilifungwa mwezi wa Machi. Mashine zilivishwa nailoni zikapakiwa kwenye malori, zikaenda kupanda meli ya India, na kabla hazijaondoka tuliombwa tuzipake mafuta. Tukazipaka. Wanawake mia na themanini tunazipaka mafuta mashine zinazotukimbia, mmoja anaimba. Halafu ikawa kimya miezi minane, mpaka habari ikaja kwamba kule Brussels kuna fedha za umma zimetengwa kwa ajili ya watu kama sisi, ambao kazi zao zimehamia upande mwingine wa dunia. Utapelekwa darasani na kulipwa posho wakati unasoma. Na kwa mwenye ufundi mkononi, watamnunulia mashine na vifaa afungue karakana yake mwenyewe.

Gracinda alikuwa fundi kweli. Viatu vile vya kiume visivyo na kamba, vinavyoshonwa kwa mkono pale juu ya vidole vya mguu, sindano mbili na uzi mmoja wa nta, hakuna aliyekuwa anavishona kama yeye katika bonde letu lote la Felgueiras. Tangu alipoisikia habari ya fungu alianza kulisafisha banda la nguruwe nyuma ya nyumba yake. Nguruwe alishauzwa kiangazi. Akakwangua, akaosha, akatoboa dirisha, na sasa alikuwa anapaka chokaa mara ya tatu. Ndiyo ingekuwa karakana. Mume hana, alishafukiwa, na akiba ya kiwandani ilikuwa imekwisha. Nguruwe ndiye aliyekuwa wa mwisho kuuzwa.

Tatizo ni kwamba kwenye orodha ya kiwanda hapakuwa na Gracinda.

Sisi wa zamani tulijua. Mwaka themanini na tatu, mama yake Gracinda alipoleta binti kiwandani, binti alikuwa na miaka kumi na miwili. Sheria ilitaka kumi na minne. Lakini nani aliyekuwa anangoja kumi na minne? Mimi mwenyewe mkaguzi alipokuja nilifichwa ndani ya boksi la buti. Mama akaenda kwa jirani, akaazima karatasi za binti wa jirani, Zulmira, aliyekuwa na miaka kumi na saba na tayari amebeba sanduku kwenda Ufaransa na mchumba. Karatasi zipo, mwenyewe hayupo, mambo yakaenda. Msimamizi, bwana Belmiro, akasema wataandika jina lake halisi mwakani.

Mwakani haukufika. Gracinda alipofika umri, karani akasema kubadilisha ni faini kwa kiwanda na yeye miaka yake ya mwanzo itafutwa. Basi akabaki. Kanisani Gracinda, dukani Gracinda, kiwandani Zulmira. Zulmira mwenyewe alikuwa anakuja Agosti kama wahamiaji wote, anatia sahihi panapotakiwa mwenyewe, anaacha kadi ya benki, anaondoka, mpaka mwaka huu mgongo ulipomrudisha moja kwa moja. Gracinda naye akamuuguza mama wa Zulmira mpaka alipokufa, akamvalisha na soksi. Hakuna aliyekuwa anamdai mwenzake. Hata Gracinda alipopata mimba tulicheka: Zulmira kavimba Felgueiras na Zulmira yuko Paris, mwembamba kama mpini wa ufagio. Mtoto yule hakukaa. Na likizo hakupewa, maana Zulmira wa kwenye karatasi alikuwa hajaolewa. Akarudi benchi baada ya siku nne. Hapo hatukucheka.

"Mimi nasema tu kwamba barua imekuja kwangu," Zulmira akaniambia. "Postamani hakukosea."

"Dada Zulmira," Gracinda akasema polepole, brashi inadondosha chokaa kwenye kiatu chake, "wewe sindano ya kushonea kifungo unanipa mimi nikutungie. Karakana utafanyia nini?"

"Sitaki karakana."

"Unataka nini?"

Zulmira aliishusha barua. "Paris nilifagia nyumba za watu miaka ishirini na tano, Gracinda. Hakuna hata mmoja aliyeandika jina langu popote. Sasa mgongo umekufa. Hiyo miaka ya kiwandani ndiyo peke yake niliyonayo, ndiyo pensheni yangu. Ukienda kujirudishia, mimi nabaki mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hata siku moja duniani."

"Na mimi nisipojirudishia?"

Zulmira aligeuka. Aliingia ndani, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Hukumu nikabaki nayo mimi mdomoni.

Siku ya pili tulikwenda ukumbi wa parokia kumwona daktari Eduarda. Kwetu kila aliyemaliza chuo kikuu ni daktari, hata kama hajamshika mtu mapigo ya moyo. Huyu alikuwa msichana tu, koti zuri, mafua, amezungukwa na mafaili kama mtu aliyejengewa ukuta. Gracinda akamweleza yote, kofia mkononi. Daktari akasikiliza, akapenga kamasi, akasema jambo kama hili si la kwanza kulisikia katika mabonde haya. Yeye alitaka maandishi: watu wawili waliofanya kazi naye benchi moja, watie sahihi kwamba aliyekaa pale miaka yote ni Gracinda. Orodha inaondoka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo hata yeye hana mkono nayo.

"Wawili tu?" Gracinda akauliza.

"Wawili tu."

Alitoka pale anacheka. Wawili. Wanawake mia na themanini, na yeye anatafuta wawili. Njia nzima alinieleza dirisha la karakana litakavyopata jua la asubuhi.

Sasa nieleze langu.

Kwetu mkate unaletwa na gari. Saa moja asubuhi linapiga honi kwenye njia panda, tunatoka na vikapu, na pale ndipo habari za kijiji zinapopimwa kilo. Jumatano mwenye mkate alisema binamu yake wa upande wa Guimarães amesikia kuna kiwanda kimoja orodha yake ilirudishwa kwa sababu ya majina. Basi. Hayo tu ndiyo aliyosema, kisha akahesabu mikate.

Mimi ndiye niliyelipeleka neno lile kwenye birika la kijiji la kufulia nguo. Mtu akaniuliza, "Ilirudishwa yote au?" Nami, ambaye sijawahi kusema "sijui" mbele ya watu watano, nikasema, "Yote. Jina moja likionekana la uongo, wanarudisha orodha nzima Brussels. Watu wote wanasubiri mwaka mwingine."

Nililisema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa na waziri. Na baya zaidi, mpaka nafika nyumbani na nguo zangu mbichi, nilikuwa nimeshaliamini. Mume wangu amelala kitandani tangu mshipa wa kichwa ulipompasuka. Kwenye orodha ile mimi nilikuwa nimeandikiwa darasa la kutunza wazee, kazi ambayo tayari naifanya bure, na posho ingeanza Januari. Nikafikiria mwaka mwingine bila kitu. Nikaogopa mdomo wangu mwenyewe kama umetoka kwa mtu mwingine.

Alhamisi Gracinda alizunguka na karatasi yake. Alikwenda kwa Celestina wa benchi letu, akaambiwa Celestina amekwenda kwa daktari wa meno, na pazia la Celestina linatikisika. Alikwenda kwa wenzetu wengine, mabinti wa mwenye kinu, wakamwambia wao walikuwa benchi la pili, siyo lile. Bwana Belmiro hakumfungulia, mbwa ndiye aliyemjibu. Mwanamke mmoja, simtaji, alimwambia usoni, "Gracinda, watoto wangu wale jina lako?"

Aliyetia sahihi ni Adosinda peke yake. Adosinda ni kiziwi, mashine ya kugongea soli ilimla masikio, kwa hiyo la birikani halikumfikia. Alisoma karatasi, akashangaa kwamba kuna haja ya kuandika jambo linalojulikana, akatia sahihi kwa herufi kubwa.

Jioni akaja kwangu. Nilimwona anapita ukutani, nikatamani kuwa na pazia la Celestina.

"Odete, nimebakisha mmoja. Nimekuachia wewe mwisho kwa sababu wewe ni wa hakika."

"Karibu, kaa. Kahawa?"

"Nitakunywa baadaye. Tia sahihi kwanza."

Niliishika ile karatasi. Miaka kumi na tisa tulikaa bega kwa bega. Najua anavyolainisha uzi kwa kuupitisha kwenye midomo, najua fundo lake linalofungwa kushoto, maana yeye ni wa mkono wa kushoto, na viatu vyake ungevijua gizani kwa kupapasa. Nilipofiwa na mama yangu, alinishonea viatu kumi na viwili siku ile ili hesabu yangu isipungue.

"Kalamu yangu imekauka," nikasema.

Akatoa yake.

"Ngoja nilale nayo, Gracinda. Nisome vizuri. Wajua miwani yangu."

"Karatasi ina mistari mitatu."

"Nitakuletea asubuhi."

Akaniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama tulivyokuwa tunaangalia ngozi tukitafuta pale patakapokatika. "Asubuhi," akasema, akaondoka bila kahawa.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwosha mume wangu, nikambadilishia shuka, nikafagia pasipo na uchafu. Saa tatu. Saa nne. Karatasi iko juu ya jokofu chini ya sanamu ya Bikira. Gracinda hakuja kuiulizia. Nilisikia brashi yake nyuma ya nyumba, shwaa, shwaa, anapaka chokaa mara ya nne ukuta ambao ulikuwa mweupe tayari. Saa tano na nusu brashi ikanyamaza. Nikasema, sasa anakuja. Hakuja.

Saa saba nikavaa koti, nikaenda ukumbi wa parokia. Sijui nilifuata nini. Daktari Eduarda alikuwa anafunga mafaili kwa kamba.

"Mama, orodha imeshaondoka."

"Najua, daktari. Nauliza tu. Lile la majina, la jina moja la uongo kurudisha orodha nzima, tungengoja mpaka lini?"

"Orodha nzima irudi? Nani amesema?"

"Watu."

"Watu gani? Tunarekebisha mstari mmoja, mama. Mwezi uliopita nimerekebisha minne. Yule mama mwenye kofia, nilimwachia nafasi wazi mpaka saa sita kasoro dakika mbili. Nilidhani amebadili mawazo." Akapenga kamasi. "Mwambie ajaribu siku nyingine, likitokea fungu jingine."

"Litatokea?"

Alifunga fundo la kamba. "Sijui," akasema. Nikamwonea wivu jinsi neno lile lilivyomtoka kirahisi.

Nilimwomba. Nilimwambia nina karatasi hii hapa, natia sahihi sasa hivi mbele yake, mara kumi akitaka. Nikatia sahihi kweli, juu ya meza yake, kwa kalamu yake, na haikukauka. Aliipokea kwa heshima, akaitazama, akanirudishia. Kompyuta ilikuwa imeshatuma.

Njiani mvua yetu ile ya Novemba ilinikuta, isiyonyesha wala kukoma. Nilipita nje ya kiwanda. Geti limefungwa kwa mnyororo, na kwenye sakafu ya ukumbi wa ndani, ukichungulia kwenye kioo, zinaonekana alama za miguu ya mashine, nne nne, safu kwa safu. Benchi letu lilikuwa karibu na dirisha la tatu. Sikukaa.

Nilipofika kwa Gracinda mlango ulikuwa nusu wazi. Nilitegemea kumkuta peke yake, nikajiandaa kwa hilo. Nikamkuta na Zulmira.

Zulmira alikuwa ameketi mezani, kipande cha ngozi kimebanwa katikati ya magoti, sindano mbili mikononi, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Vidole vitatu vimefungwa kitambaa. Gracinda amesimama nyuma yake, anamshika viwiko.

"Usivute kwa kidole, vuta kwa bega. Tena."

"Bega langu limekufa zamani."

"Basi lifufue kabla ya Jumatatu." Gracinda akaniona mlangoni, akaendelea. "Jumatatu wanampima. Kila fundi anakaa mbele ya mwalimu anashona kiatu kimoja, ndiyo wanajua wampeleke darasa gani. Akionekana hajui, watauliza nani alishona. Halafu yeye pensheni hana, na mimi bila mashahidi wawili naitwa mahakamani kwa kughushi."

"Nimemwambia nitasema mikono imesahau," Zulmira akasema bila kuinua macho.

"Mikono haisahau, dada. Mwalimu atajua." Akamrekebishia sindano. "Jina hili nimelitunza miaka ishirini na saba. Halina hata kiatu kimoja kilichorudishwa. Silikubali liaibike."

Kwenye kiti karibu na jiko palikuwa na begi la safari, limejaa nusu. Nililiangalia zaidi ya inavyopasa.

"Basi la Paris Jumapili," Gracinda akasema. "Dada ananiachia nyumba zake tatu za kufagia. Kuna bibi mmoja kule haoni vizuri. Amesema kwenye simu ataendelea kuniita Zulmira, asipate taabu ya kujifunza jina jingine."

Zulmira alicheka kidogo, puani, halafu uso ukamharibika akarudi kwenye ngozi yake. Kupitia mlango wa nyuma nililiona banda. Taa ilikuwa inawaka ndani, kuta nyeupe tupu, na dirisha lile dogo linaloangalia mashariki.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mtu kama mimi, maneno ndiyo mtaji wake. Yakaja mawili matatu tu.

"Gracinda. Lile neno kwamba orodha nzima itarudi. Nililisema mimi. Birikani. Na si kweli, nimetoka kumwuliza daktari. Ungepata."

Zulmira akaacha kushona. Tone la damu likaanguka kwenye ngozi, akalipangusa haraka kwa kiwiko, kama bado tuko kiwandani na bwana Belmiro anapita.

Gracinda aliviachia viwiko vya Zulmira. Alikwenda jikoni akafunua sufuria, mvuke wa mboga za majani na viazi ukapanda, akaifunika tena. Mgongo wake ulikuwa kwangu.

"Nililijua ni lako," akasema. "Nilirudi kwa Celestina mchana ule, akanisimulia nyuma ya pazia lake, nikasikia mpaka mahali ulipopumua. Ndiyo maana nikakuachia mwisho. Nikasema, aliyelisema ndiye atakayeona haya kulikalia."

 Nikaitoa ile karatasi kifuani mwa koti, sahihi yangu chini ya ya Adosinda, nikaiweka juu ya meza, maana sikujua pa kuipeleka kwingine. Gracinda aliisoma yote, mistari mitatu. Akaikunja mara nne, akainama, akaibana chini ya mguu mfupi wa meza, pale ambapo meza ilikuwa inayumba kila Zulmira alipovuta uzi. Akaijaribu kwa kiganja. Ikatulia.

Nikageuka niondoke. Mume wangu alikuwa hajala, nilikuwa na sababu ya kweli kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Unakwenda wapi?" akasema.

"Nyumbani."

"Mume wako nitampakulia umpelekee." Alikuwa ameshashusha bakuli, tatu, anakata mkate wa mahindi akiuegemeza kifuani kama mama zetu. Hakuniangalia. "Paris sitakuwa na wa kula naye. Funga mlango, unaniingizia baridi. Ingia ule."